Scratch ni ya kujifunzia, si ya kuuzia

Mhariri,

Naomba nafasi niwajibu wenye kozi wanaowaahidi vijana wa Kisumu kwamba wakijua Scratch, programu ya kuwafunza watoto kuunda gemu na katuni kwenye kompyuta, watatajirika kwa kuuza gemu. Mimi hufundisha kompyuta hapa Manyatta na Scratch naipenda: mtoto wa gredi ya nne anapanga vipande vya rangi vyenye maagizo, paka anatembea kwenye skrini.

Biashara ni jambo jingine. Uwanja wa Scratch, yaani sehemu gemu inapoonekana, ni mdogo, pikseli (nukta za skrini) 480 kwa 360, wala haikupi faili ya kupeleka moja kwa moja kwenye duka la Android. Mwanafunzi wangu ameunda gemu ya bodaboda inayokwepa mashimo ya Kondele (abiria akianguka, anadai arudishiwe nauli!). Alipoiweka wazi kwenye tovuti ya Scratch, iliingia chini ya leseni inayomruhusu yeyote kuinakili, kuibadilisha, hata kuiuza, mradi amtaje mwenyewe na atumie leseni ile ile.

Sisemi vyombo rahisi vyote havifai kuundia gemu za kuuza. Gemu ya Undertale ya 2015 iliundwa kwa GameMaker, chombo kingine rahisi cha kuundia gemu, na ikauzika kote duniani. Ila nyinyi wenye kozi, waelezeni wazazi mipaka hiyo kabla ya kupokea karo. Anayetaka kuuza, akishazoea Scratch, ahamie Godot, programu ya kuundia gemu. Hailipiwi wala haidai mrabaha, yaani fungu la mauzo yako.

Mwalimu wa kompyuta,
Manyatta, Kisumu