Barua kwa Mwanangu Kuhusu Shimo la Tano

Luanda, Vihiga

Mwanangu mpendwa,

Pokea salamu za sisi sote huku nyumbani. Tangu urudi chuoni Njoro na kile kisanduku chako cha barafu, nimekuwa nikiifikiria ile mifuko ya udongo uliyoichukua shambani, na kuna jambo ambalo ni lazima ulijue kabla hujaanza kuwapima bakteria wako wa mizizi ya maharagwe. Shimo la tano, lile la karibu na mparachichi, ulilichimba mahali palipokuwa zizi la babu yako. Nilipoolewa mwaka 1986 nililikuta zizi hilo, na halikuhamishwa hadi 2009, wewe ukiwa bado mdogo sana. Ukiuchanganya udongo ule na wa mashimo mengine manne, utapata wastani wa shamba ambalo halipo popote.

Jana niling'oa miche ya maharagwe sehemu mbili, nikavipasua vinundu vya mizizi kwa ukucha kama ulivyonionyesha. Kule chini tulikotia chokaa vilikuwa vingi, na ndani vyekundu kama nyama mbichi, dalili kwamba bakteria wanaivuna naitrojeni ya hewani na kuilisha mimea. Pale zizini nilihesabu vitatu tu, vidogo kama mbegu za wimbi, ilhali majani ya mche huo yalikuwa ya kijani kibichi kuliko yote. Ndipo nilipokumbuka maneno yako, kwamba mmea unaojipatia naitrojeni ya kutosha udongoni hauoni haja ya kuwalisha bakteria sukari yake. Mtu asiyejua habari ya zizi angeviona vinundu vile vitatu akaandika kwamba udongo wa pale umechoka, kumbe ndio wenye rutuba kuliko wote, na hata kayongo, gugu linalonyonya mizizi ya mahindi, ambayo hatua thelathini tu kutoka hapo inachanua zambarau katikati ya mahindi, pale ni nadra kuiona.

Nimeisoma rasimu uliyoniachia, nami najivunia kazi yako. Umeeleza vizuri jinsi Mholanzi Beijerinck alivyowatenga bakteria hawa mwaka 1888, na jinsi mtakavyowatambua siku hizi kwa kusoma DNA. Lakini sikuona popote ulipopanga kuwauliza wenye mashamba walipanda nini, wapi walichoma mabua, na samadi waliimwaga wapi. Naona hilo ni pengo kubwa, kwa sababu hao wadudu wadogo wanaishi na yale tuliyoyatenda sisi miaka mingi iliyopita. Anza na jirani yetu wa ng'ambo ya kijito. Shamba lake lilikuwa la majani chai, naye anakumbuka kila msimu.

Nimechomeka vijiti vinne kuonyesha mipaka ya zizi. Njoo Jumamosi, ubebe barafu ya kutosha, tuchimbe upya sentimita 20 kama mara ya kwanza, na udongo wa zizini tuuweke katika mfuko wake peke yake.

Akupendaye,
Mama