Taarifa ya Mwaka ya Mwenyekiti kwa Wanachama wa Chama cha Mafundi wa Smoki

Ndugu wanachama,

Nawasalimu nyote, mliofika na mtakaosomewa taarifa hii nyumbani. Mahesabu mweka hazina ameshayasoma na mmeyapitisha, sitayarudia. Mimi nina jambo moja lililonikosesha usingizi mwaka huu katika smoki, kazi yetu ya kukunja kitambaa na kudarizi juu ya mikunjo, nalo ni bandi, yaani nyuzi za muda zinazokusanya mikunjo hiyo kabla ya darizi.

Mwezi wa Machi tulirudishiwa magauni ya ubatizo. Rangi zilipendeza na maua yalikaa vizuri, lakini mtoto akivaa, mikunjo ya kifuani inakwenda upande. Niliyafumua mawili kwa mkono wangu. Nukta za kuongoza sindano ya bandi hazikupangana mstari kwa mstari, na kwenye gauni moja mistari ya bandi ilipunguzwa ili kazi iishe haraka. Kitambaa kikishakunjwa kombo, hakuna darizi itakayokinyoosha.

Wapya wanisikilize hapa. Kifua cha sentimita 25 kinataka kitambaa cha sentimita 75 hivi, mara tatu yake. Kwenye popilini nukta huachana zaidi kidogo ya nusu sentimita, na mistari huachana sentimita 1. Kila mstari una uzi wake na fundo lake. Nyuzi zikivutwa pamoja mikunjo husimama wima, sawasawa, na hapo ndipo uzi wa rangi unapoingia. Juu, karibu na shingo, tunaweka mshono wa kamba kwa sababu haunyumbuki sana na unashikilia umbo. Chini yake huja mawimbi na sega la nyuki, panapotakiwa kupanuka mtoto akipumua, akicheza, akikua. Mwisho kabisa bandi inafumuliwa na kutupwa. Mteja haioni, kwa hiyo haoni sababu ya kuilipia, na naogopa sisi wenyewe tumeanza kuiona si kazi.

Wakulima na wachungaji wa Uingereza, karne ya 18 na ya 19, walivaa shambani mashati mapana ya mikunjo ya namna hii, nayo yaliitwa smoki. Kabla lastiki haijaenea, mikunjo iliyoshikwa kwa uzi ndiyo iliyoruhusu mkono kuinuka na kifua kupanuka mtu akifyeka nyasi. Kufika miaka ya 1880 mitindo hiyo ilikuwa imehamia kwenye nguo za wanawake na watoto wa mjini, ndiyo tuliyoirithi. Smoki isiyonyumbuka, hata iwe na maua mazuri namna gani, imekosa kazi yake ya kwanza.

Hapo naingia kwenye lastiki. Wapo wenzetu wanaouza magauni ya uzi wa lastiki yaliyopigwa cherehani, wakiyaita smoki ya mkono. Gauni la lastiki ni nguo ya halali, hata mimi nashona. Liitwe kwa jina lake na liuzwe kwa bei yake.

Kamati imeamua kwamba kila oda ya pamoja ikaguliwe ingali na bandi, kabla ya uzi wa rangi kuingia. Hati ya bei nayo itaandika bandi na darizi kila moja peke yake, ili mteja ajue analipia nini. Mashine ya kukunja kitambaa hatujanunua. Najua wengi mnaitaka. Binafsi naomba tusubiri mpaka kila mmoja wetu aweze kukunja kifua kizima kwa sindano, maana mashine ikipotosha mkunjo lazima awepo wa kuujua.

Nimshukuru mama yetu mkubwa kuliko sote. Macho yamemkataza sindano, ila kila Jumamosi anakuja, anapitisha vidole juu ya bandi za wanafunzi na kusema wapi nukta imeruka. Sijamwona akikosea.

Mafunzo yanaanza Jumamosi ijayo, saa nne asubuhi. Kila mtu aje na nusu mita ya kitambaa cha pamba cha drafti, kwa kuwa miraba yake itatusaidia badala ya nukta, pamoja na uzi wa bandi wa rangi tofauti na kitambaa, na subana.

Mwenyekiti