Barua kwa mwanangu anayekwenda kupanda milima ya Sahyadri, India

Mwanangu,

Shikamoo yako nimeipata, marahaba. Sisi huku Tanga hatujambo. Masika yameisha, kusi inavuma mpaka mabati ya jikoni yanalia usiku kucha.

Ruhusa uliyoomba ya kwenda kupanda ngome ya Lohagad umepata, nenda na wenzako. Aliyeshtuka ni baba yako. Kusikia mnapanda mlima mwezi wa Julai, akataka nikukataze kabisa. Nikamkumbusha kuwa mji huo wa Pune unakosoma wewe nimesoma mimi, miaka ya 1990, kabla hata hajajua nyumbani kwetu ni wapi, na hiyo Lohagad niliipanda kwa raba za mtumba. Akanyamaza. Kunyamaza kwake unakujua, si kukubali.

Sasa nisikilize. Wewe umeona manyunyu ya Pune ukadhani ndiyo mvua ya India. Pune iko mgongoni mwa milima, haipati kitu. Kusi hii hii inayotupiga sisi ikishavuka ikweta inapinda kuelekea kaskazini mashariki, inabeba maji ya bahari njia nzima, halafu inakutana na ukuta wa Sahyadri. Lazima ipande, ikipanda inapoa, ikipoa inamwaga yote upande ule. Mji wa Lonavala, ulio huko milimani, wanapata zaidi ya milimita 4,000 kwa mwaka, na Pune, kilomita 64 tu kwa reli, wanapata kama 700. Manahodha wetu wa zamani walilijua hilo bila kusoma jiografia. Juni na Julai hawakuisogelea pwani ya huko. Walingoja demani, kusi ikishalegea, ndiyo wakatweka.

Mvua yenyewe haina neno, utalowa utakauka. Ninachokiogopa ni maji yanayoteremka. Inaweza kunyesha juu huko kileleni nyinyi mliko chini mna jua, mnapigana picha, na kijito kilichokuwa kwenye kifundo cha mguu kikafika kiunoni hata hamjamaliza kuitana. Tarehe 30 Juni 2024, nyuma ya bwawa la Bhushi, hapo hapo Lonavala, familia moja ilinaswa juu ya mwamba katikati ya maporomoko. Ile video nadhani uliiona. Wameshikana, maji yanazidi, watu wako ukingoni wanapiga kelele na hakuna mwenye kamba. Walikufa watu watano, wengi wao watoto. Mwaka uliofuata, tarehe 15 Juni, daraja kuukuu la chuma juu ya mto Indrayani, pale Kundmala, likaanguka likiwa limejaa watalii, wakafa wanne.

Kwa hiyo maporomoko utayatazama ukiwa umesimama pembeni. Ukiona maji yamegeuka rangi ya chai ya maziwa, au majani na vijiti vimeanza kuteremka, usingoje kuuliza wenzako, toka, nao watakufuata. Daraja likiwa limejaa watu wanaopiga picha, subirini lipungue. Na mkikuta polisi wamefunga njia msitafute uchochoro. Najua kila kikundi kina kijana mmoja anayejua uchochoro.

Hayo yamekwisha, sasa nikuambie raha yake. Jumamosi pandeni treni ya mapema ya kwenda Lonavala, ile ya abiria wa kila siku. Kama behewa la kawaida limefurika, wasichana ingieni la wanawake. Shukeni Malavli, kituo kimoja kabla ya Lonavala, mwende kwa miguu kupitia kijiji cha Bhaje. Msiyapite mapango ya Bhaja kwa haraka ya kuwahi ngome. Yalichongwa na watawa wa Kibudha zaidi ya miaka 2,000 iliyopita, ukumbi mzima ndani ya mwamba mmoja. Inua macho utazame dari: wamechonga jiwe likafuata mapaa ya nyumba za mbao.

Lohagad yenyewe ina ngazi za mawe, malango yamepindana ili adui asipate nafasi ya kuja kwa kasi. Siku ya mvua kubwa ngazi zile zinakuwa mto, unapanda maji yakikupitia miguuni. Shika ukuta. Chakula kiwe ndani ya begi lililofungwa zipu, maana kima wa pale hawaombi, wananyang'anya. Juu kabisa kuna ule mkia mrefu wa mwamba wanaouita Vinchukata. Ukungu ukishuka usiende huko, hata wakikuita mwoga. Mwaka 2025 UNESCO iliiingiza Lohagad kwenye urithi wa dunia pamoja na ngome nyingine 11 za Wamaratha, watu wa nchi hiyo, kwa hiyo mtakuta watu wengi kuliko zamani zetu.

Watakusimulia habari za Shivaji, mfalme wao wa zamani, mpaka mchoke, na ni haki yao. Wewe nawe waulize habari za Malik Ambar. Huyo alizaliwa Ethiopia, akauzwa utumwani, akaishia kuwa mtawala hasa wa dola ya Ahmadnagar mpaka alipofariki mwaka 1626. Jeshi la Wamoghuli, dola kubwa ya kaskazini, alilisumbua kwa vita vya kuvizia katika nchi hiyo hiyo ya mabonde na majabali, na Shahaji, babake Shivaji, alipigana upande wake. Mimi niliyasikia mwaka wangu wa mwisho chuoni, nikasikitika sana kuchelewa.

Mkishuka, kuleni bajia za vitunguu za moto na mahindi ya kuchoma. Wanapaka ndimu, chumvi na pilipili, utadhani uko Raskazone hapa Tanga. Chai ya tangawizi usihesabu vikombe.

Kuhusu kulala: umeandika mnataka mahema kando ya Pawna. Sawa, lakini lile ni bwawa, kingo zake ni tope na kina kinashuka ghafla. Hakuna kuogelea, mchana wala usiku. Na wewe ni mgeni, wenye nyumba wanatakiwa kukujazia fomu ya serikali ya wageni wa nje, kwa hiyo pasipoti, viza na kibali chako cha ukaazi uende navyo ndani ya mfuko wa nailoni. Mpige simu kwanza mwulize kama wanapokea wageni wa nje, msije mkakataliwa mlangoni saa tatu usiku na mvua inanyesha.

Nimekutumia nauli na kidogo cha juu. Hicho cha juu baba yako hakijui. Nunua viatu vyenye meno, usiniletee habari za raba zangu. Lonavala niletee chiki, yaani kashata zao, za ufuta, pakiti mbili, utazitunza mpaka likizo kama una roho ngumu.

Jumapili ukifika bwenini piga simu, hata iwe saa sita za usiku huko. Huku itakuwa saa tatu na nusu, na baba yako atakuwa amekaa na simu mkononi akisema anatazama taarifa ya habari.

Mama yako