Daftari la sukari lililojazwa usiku mmoja

Mama mmoja alituletea, sisi tunaotoa tiba ya mazungumzo kwa wenye kisukari, daftari lake la vipimo vya sukari: 6.1, 5.8, 6.4, 6.0 (mmol/L), zote nzuri, wiki tatu mfululizo, kalamu ileile ya bluu, kurasa safi kabisa. Alilijaza usiku wa kuamkia kliniki. "Nikipeleka za kweli nagombezwa," alisema, machozi yakamtoka. Na kipimo cha HbA1c, ambacho huonyesha wastani wa sukari wa miezi miwili mitatu, kilikuwa kimeshamsema. (Ameturuhusu kusimulia haya bila jina.)

Mama huyu amechoka. Miaka tisa ya kutoboa vidole, ya kupima wali kwa macho, ya kukataa pilau harusini na kuambiwa anaringa. Usiku mmoja sukari ilimshuka akiwa peke yake, jasho linamtiririka, mikono inatetemeka. Tangu hapo analala kwa hofu, na mara nyingine huiacha sukari ibaki juu makusudi ili isije ikamshukia tena usingizini. Hili tunaliona sana, na linatuuma, kwa sababu mgonjwa wa namna hii huitwa mkaidi.

Uchovu huu unapimika. Tunatumia dodoso la PAID, la kupima mzigo wa moyoni unaoletwa na kisukari, lililotoka Marekani mwaka 1995: maswali 20, alama hadi 100, na ukifika 40 mzigo umekuwa mzito. Tunaangalia sonona pia, maana huwapata wenye kisukari takriban mara mbili ya wasio nacho.

Baada ya hapo ni mazungumzo yenye utaratibu. Katika tiba ya fikra na tabia tunachukua tukio moja tu. Umepima, imekuja 14, moyo ukasema, "Nimeshindwa, basi." Tunarudi nyuma pamoja: ulikuwa na mafua? Uliruka dozi? Ulikula nini, saa ngapi? Mara nyingi sababu inapatikana, na kwenye sababu kuna cha kufanya. Aliyetishwa na sukari kushuka tunamwandalia mpango pamoja na daktari wake: juisi au glukosi karibu na kitanda, kipimo kikishuka chini ya 4, anywe au ale gramu 15 za sukari, kisha apime tena baada ya dakika 15. Kuhusu chapati hatukatazi. Tunauliza wewe mwenyewe unaona uanze na lipi.

Mume au mtoto anayelinda sahani yako kama askari naye tunamwita, ukikubali.

Tuseme ukweli: tiba hii haiponyi kisukari, wala haichukui nafasi ya insulini au vidonge. Kwa wengi HbA1c hupungua kidogo tu. Mzigo wa moyoni ndio hupungua zaidi. Na kama unafikiria kujidhuru, au unaacha insulini ili upungue mwili, usisubiri miadi yetu. Nenda hospitali leo.

Yule mama alirudi juzi. Daftari lina 13.2, lina siku mbili tupu, na pembeni ameandika "msiba kwa shangazi". Alilipeleka kliniki hivyohivyo.

Kikao ni dakika 50, mara moja kwa wiki, kwa kawaida sita hadi nane. Siku ya kwanza njoo na daftari lako lilivyo.