Studio zile za sanaa zimeelekea kibla

Ndugu Mhariri,

Sijaliandikia gazeti lako tangu ile barua yangu ya mashimo ya barabara ya mtaani kwetu. Mliichapa mkaikata nusu, na mashimo hayakupungua hata hiyo nusu. Nikaapa sitarudia. Lakini taarifa yenu ya wiki iliyopita kuhusu studio mpya za sanaa za ile shule ya kulipia imenitoa kwenye kiti. "Studio za kisasa" mmeandika mara tano, nimehesabu. Mgeni rasmi mmemtaja na vyeo vyake vyote, utepe mmeutaja hadi rangi yake. Jambo moja tu mwandishi wenu hakuuliza: jua linapita upande gani?

Nauliza kwa sababu nilikuwepo. Mjukuu wangu anasoma pale kidato cha pili. Mimi mwenyewe nimefundisha sanaa za ufundi shule za serikali miaka 31, mingi ya hiyo nikiwa ndani ya stoo ya majembe ambayo nilipewa kwa sababu majembe yalikuwa yameisha. Stoo ile ilikuwa na dirisha moja, limeangalia kusini. Sikulichagua. Nilikuja kumshukuru Mungu baadaye.

Paa mlilolipiga picha, lile lenye meno kama msumeno na vioo vyake vikiangalia kaskazini, lina kwao. Kwao ni Ulaya. Kule mchana jua hupita upande wa kusini, kwa hiyo kioo cha kaskazini hupata mwanga uliotulia, usio na miale, na mchoraji akichanganya kijani chake saa nne, saa nane bado ni kijani kilekile. Ni akili kubwa sana, ukiwa London. Dar es Salaam iko kusini ya Ikweta. Mwanzoni mwa Machi jua linatuvuka utosini kwenda kaskazini, na halirudi mpaka Oktoba. Miezi saba na ushei linapita upande uleule ambao msanifu wa majengo ameufungulia vioo! Sisi wa pwani kaskazini tunaiita kibla, na dirisha la kuelekea kibla linafaa sana msikitini. Mama anayeuza vitumbua nje ya geti la shule hiyo hajasomea usanifu, lakini ikifika Juni benchi lake analihamishia kusini mwa ukuta, na ikifika Desemba analirudisha. Angeulizwa yeye, ujenzi ungekuwa rahisi na vitumbua tungekula.

Sasa nisimulie siku yenyewe ya uzinduzi. Watoto waliingizwa studio saa tatu asubuhi ili mgeni rasmi awakute wakichora, na kama ujuavyo Mhariri, wageni rasmi hawafiki saa walizoandikiwa. Mezani pamewekwa chungu, nazi mbili na kanga iliyokunjwa. Jua likaingia kwa juu, kwenye yale meno, likachora mistari mieupe juu ya meza. Mjukuu wangu akaweka kivuli cha chungu kulia. Baada ya muda mstari umesogea, kivuli kimefupika na kuhama, akafuta. Akaweka tena. Kimehama tena. Mara ya tatu akanigeukia akaninong'oneza, "Babu, chungu hakitulii." Wenzake wa rangi za maji walikuwa na balaa lao, maana rangi ilikuwa inakauka kabla brashi haijafika ukingo wa karatasi. Saa tano mgeni bado, mwalimu akasema basi wale wa udongo wakanawe. Wakakimbilia sinki. Mhariri, sinki lile ni la jikoni, lile la kuoshea vikombe viwili vya chai, na bomba lake la kutolea maji ni jembamba, limeingia moja kwa moja ukutani bila hata shimo dogo la kudaka tope. Watoto wanane wa kwanza walinawa vizuri. Wa tisa maji yakasimama. Wa kumi na mbili yakaanza kumwagika kwenye vigae, na vigae vyenyewe vinang'aa kama sahani ya harusi. Nikasema nisogee nifunge koki, mimi mwalimu wa zamani, naijua kazi. Hatua ya pili nikaenda chini. Nikakaa kwenye uji wa udongo wa mfinyanzi na suti yangu ya kijivu, ile niliyostaafia, na ndipo king'ora cha msafara kikasikika getini. Msanifu akaja mbio kuniinua. Unajua aliniambia nini? "Pole sana Mzee wangu, hivi vigae vimetoka Hispania, vinateleza kidogo mpaka vizoee."

Mpaka vizoee.

Nilipomuuliza kuhusu jua alinijibu kwa adabu kabisa kwamba mwanga wa kaskazini ndio mwanga wa wasanii, vitabu vyote vinasema. Nikamuuliza vitabu hivyo vimeandikiwa wapi. Akacheka, akadhani natania.

Kuna mengine siyaandiki yote. Chumba cha rangi za mafuta kina kiyoyozi, na vioo vyake havifunguki hata kimoja, kwa hiyo harufu ya tapentaini na tina inazunguka humohumo kwenye vichwa vya watoto. Hakuna chaga hata moja ya kukaushia picha, labda zitaning'inizwa kwenye hicho kiyoyozi. Tanuri la umeme la kuchomea vyungu limewekwa chumba kimoja na makasha ya karatasi, na hilo sitaki hata kulizungumzia. Na kati ya jino na jino la lile paa kuna gata, mfereji wa maji ya mvua, na juu ya gata kuna mwembe mkubwa ambao, nashukuru, hawakuukata. Jengo limezinduliwa masika yamekwisha. Subirini vuli.

Atatokea mtu aseme Edward Tingatinga alichora Oysterbay chini ya mti, kwa rangi za baiskeli juu ya vipande vya ubao wa dari, na dunia nzima ikanunua. Namjibu mapema: mti ule ulikuwa na kivuli. Ndicho ninachokiomba.

Na kwa kuwa nimeshaanza, niseme na hili. Nyumba ya Sanaa, kituo cha wasanii kilichoanza mwaka 1972, lile jengo la Upanga ambako nilipeleka madarasa yangu kwa daladala nikilipa nauli mwenyewe, ilipovunjwa sikuona ukurasa wenu wa mbele ukiomboleza. Pale George Lilanga aliajiriwa kuwa mlinzi wa usiku, akatoka akiwa msanii anayetafutwa Ulaya. Mlinzi! Leo kila shule ya kulipia inakimbilia studio, kwa sababu mitaala mipya imeleta mkondo wa amali, yaani masomo ya ufundi, na sanaa bunifu imo ndani yake, mzazi akizungushwa shuleni lazima aonyeshwe kitu. Haya, tuonyesheni. Lakini katika safu zenu tatu za habari na picha nne, jina la mwalimu wa sanaa halimo. Halimo kwa sababu hayupo. Aliyekuwa anawasimamia watoto siku ile ni mwalimu wa jiografia, binti mpole sana, na ambaye, kwa somo lake, ndiye pekee katika jengo lile aliyestahili kujua jua linapita wapi. Hakuulizwa. Ramani za jengo zilipoletwa shuleni, yeye aliambiwa aandae chai.

Pendekezo langu ni hili. Malipo ya mwisho ya mkandarasi yasitoke mpaka yeye, msanifu wake na meneja wa shule wamekanda udongo wa mfinyanzi kilo tano kila mmoja, wakanawa kwenye sinki waliloliweka, wakarudia hivyo mara kumi na tatu, na maji yakashuka yote. Viatu wavae vya ngozi, soli laini, kama vyangu. Kisha msanifu akae kwenye kiti cha mwanafunzi siku moja ya Juni na siku moja ya Desemba, tangu saa mbili hadi saa tisa, achore nazi. Moja tu. Akimaliza kivuli chake bila kufuta, mimi nitakuja kumwomba radhi hadharani na suti yangu ileile, kama dobi atakuwa ameiweza.

Juzi shule imetuma ujumbe kwa wazazi na walezi. Tuchangie shilingi 15,000 kila mmoja, za mapazia ya studio. Mapazia mazito, wamesema, ya kuzuia jua.

Nimeshalipa. Risiti ninayo.

Mwalimu mstaafu,
Tabata, Dar es Salaam