Kashata zangu hazina sumu

Ndugu Mhariri,

Nimelisoma gazeti lenu miaka mingi bila kuwaandikia hata mstari mmoja. Safari hii nimeshindwa kunyamaza. Ile ripoti yenu ya Halloween, yenye picha ya vijana wa Dar es Salaam waliojipaka damu ya bandia kwenye ukumbi wa kiingilio, imeniudhi mara mbili. Kwanza mmeiita sikukuu ya mashetani. Pili mmeandika kana kwamba huku Marekani ndivyo ilivyokuwa siku zote: ukumbi, muziki, pombe na vinyago vya dukani. Mimi ni mzaliwa wa Tanga na nimeishi katika mji mdogo wa jimbo la Minnesota tangu Agosti 1991. Naomba nafasi niseme.

Halloween ni jioni ya tarehe 31 Oktoba, ambapo huku watoto huvaa nguo za kuigiza na kupita nyumba kwa nyumba kuomba pipi. Jina lenyewe maana yake ni mkesha wa Watakatifu Wote, sikukuu ile ile ambayo Wakatoliki wa kwetu huadhimisha kila tarehe 1 Novemba. Wahamiaji wa Ireland na Scotland ndio walioileta huku. Mashetani mmewatoa wapi?

Mwaka wangu wa kwanza, tarehe 31 Oktoba, theluji ilianza kuanguka mchana. Mtu mzima yeyote wa Minnesota anaikumbuka dhoruba ile. Ilipokoma, Minneapolis, mji mkubwa wa jimbo letu, ilikuwa imepata sentimita 72. Mimi theluji sikuwa nimewahi kuiona. Jioni nikasikia mlango unagongwa. Nikafungua, nikakuta watoto watano, miguu imezama kwenye theluji, wamevaa makoti mazito juu ya nguo zao za kuigiza, hata aliyekuwa simba ungemjua kwa mkia tu. Sikuwa na pipi. Sikujua hata wanataka nini. Jirani yangu, bibi aliyezaliwa palepale mjini miaka ya 1920, aliniona kutoka kibarazani kwake. Akavuka na bakuli lake, akasimama nami mlangoni hadi usiku, na kila mtoto aliyekuja alimtaja jina na kwao: huyu wa fundi bomba, huyu mjukuu wa mwalimu, huyu mama yake anauza kwenye duka la mbegu. Kwa jioni ile moja nilijua majirani wengi kuliko niliowajua tangu nifike.

Bibi yule ndiye aliyenisimulia ya zamani. Vijana walikuwa wanapaka vioo vya maduka sabuni, wanaangusha vyoo vya nje, wanafungulia ng'ombe wazurure barabarani. Mji wa Anoka, si mbali na hapa, uliandaa gwaride mwaka 1920 ili kuwapa vijana jambo jingine la kufanya, na mpaka leo unajiita makao makuu ya Halloween duniani. Utotoni mwake yeye, nyumba ziligawa matufaha ya mti wa nyuma na bisi zilizoviringishwa kwa sukari iliyoyeyushwa zikawa kama mipira. Pipi za dukani zilikuja baadaye. Kuanzia miaka ya 1950 watoto wakaanza kubeba pia visanduku vya UNICEF, shirika la Umoja wa Mataifa la watoto, na kuomba senti kwa ajili ya watoto wa nchi nyingine. Hapo nilimkatisha. Herufi zile nilizikuta kwenye madaftari niliyoandikia shule ya msingi Tanga.

Kwa hiyo sisemi mambo yasibadilike. Yamebadilika tangu zamani. Lakini mabadiliko yale ya kwanza yaliwaleta watoto milangoni kwa watu.

Mwaka uliofuata nikapika kashata za nazi, nikazikata vipande vidogo, nikafunga kila kimoja kwenye karatasi. Watoto walizipenda. Kwa miaka kadhaa walikuwa wanakuja wakiuliza, "Zipo zile za nazi?" Mimi nikaona ni sawasawa na kwetu asubuhi ya Idi, mtoto ananyoosha kiganja apewe mkono wa Idi, na wewe kabla hujampa unamuuliza ni mtoto wa nani.

Sasa nisikilize, Mhariri, maana hapa ndipo panaponichoma. Mwaka juzi alikuja mtoto wa kike wa miaka sita hivi, amevaa mabawa ya kipepeo. Nikampa kashata, akashukuru vizuri. Mama yake akapanda ngazi, akaichomoa kwenye mfuko wa mtoto kwa karatasi ya kufutia pua, akaitupa kwenye pipa langu la taka, mbele yangu, mbele ya mtoto, mlangoni kwangu mwenyewe. Akaniambia hawapokei vitu vya kupikwa nyumbani, kwa usalama. Nimeishi mtaa huu zaidi ya miaka 30! Usalama gani? Mwaka 1982 watu saba walikufa eneo la Chicago baada ya mtu kutia sumu ya sianidi kwenye vidonge vya Tylenol, na tangu hapo hofu ya pipi imezidi, wakati vile vilikuwa vidonge vya maumivu vya dukani. Mwanasosholojia Joel Best amechunguza habari hizi tangu miaka ya 1980, na hakuthibitisha hata tukio moja la mtoto kuuawa kwa pipi aliyopewa na mtu asiyemjua wakati wa kupita nyumba kwa nyumba. Mtoto aliyeuawa kweli Texas mwaka 1974 alilishwa sumu na baba yake mzazi. Kashata yangu ilikuwa na nazi, sukari na iliki. Mtoto yule alibaki analitazama pipa, na mimi nikabaki nimeshika bakuli sina la kusema.

Mwaka jana ikawa basi tena. Kanisa moja na shule moja hapa mjini walipanga shughuli yao tarehe 31 yenyewe, kwenye maegesho: magari yamepangwa mistari, buti zimefunguliwa na kupambwa, watoto wanatoka buti hadi buti, nusu saa wamemaliza. Wanasema ni kwa sababu ya giza. Tangu 2007 saa zinarudishwa nyuma Novemba, kwa hiyo siku hiyo jua linazama karibu saa kumi na mbili jioni. Watoto wa zamani lilikuwa linawazamia saa kumi na moja. Nilikaa kibarazani jioni nzima. Walikuja watoto wanne, na wawili kati yao gari lilikuwa linawafuata polepole.

Na huko nyuma ya magari, mitaa imejaa mifupa ya plastiki ya futi 12 iliyosimamishwa uani, mitambo ya moshi, maboga ya kujazwa upepo, vitu ambavyo madukani vinatolewa tangu Agosti, joto bado kali na mahindi bado mabichi shambani. Ukipanda ngazi, taa ya mlangoni imezimwa, bakuli limewekwa chini na karatasi ya "chukua moja", kamera inakutazama. Na wala si huku tu. Dada yangu ananiambia Tanga nako mkono wa Idi siku hizi unatumwa kwa simu.

Ninachotaka ni hiki. Shughuli ya maegesho ihamishiwe Jumamosi ya kabla yake. Tarehe 31, kuanzia saa kumi na moja na nusu hadi saa mbili usiku, kila nyumba iwashe taa ya mlangoni, na mtu mzima akae kibarazani kwenye kiti, amevaa koti. Bakuli lisiachwe peke yake. Mtoto aulizwe jina na kwao kabla hajapewa kitu. Na vijana wa Dar es Salaam, kama wameamua kuiga, waache ukumbi wapite kwa majirani wapige hodi.

Nazi nimeshanunua. Taa yangu itakuwa imewashwa.

Mzaliwa wa Tanga,
Minnesota, Marekani