Rafiki yako kalishinda soko? Lete daftari tuhesabu

Ndugu Mhariri,

Wakikutana watu wawili wenye hisa, hakosi mmoja wa kusema amelishinda soko, yaani hisa zake zimempa faida kuliko soko la hisa kwa ujumla. Mara nyingi hasemi uongo. Anazikumbuka zilizopanda, zilizolala kazisahau. Madai hayo yanapimika kwa daftari na kikokotoo, ila kipimo kiwekwe siku ya kutaja hisa, si siku ya kujisifu.

Siku rafiki anapotaja hisa, andika jina la kampuni, tarehe, bei ya kufunga (ya mwisho) ya siku ya soko inayofuata, na kiwango cha fahirisi, yaani namba inayopima mwenendo wa hisa za soko kwa pamoja, siku hiyohiyo. Tunasema siku inayofuata kwa sababu hiyo ndiyo bei ambayo wewe uliyesikia ungeweza kuipata. Aliyonunulia yeye miezi sita nyuma haikuhusu. Kisha chukulia umeweka 1,000 kwenye hisa hiyo na 1,000 nyingine kwenye fahirisi tarehe ileile. Kampuni ikifilisika jina lake halifutwi, linabaki daftarini na sifuri yake.

Tuseme ametaja hisa tatu kwa nyakati tofauti, na leo fahirisi, pamoja na gawio (sehemu ya faida ambayo kampuni huwalipa wenye hisa), imefika 2,400. Ya kwanza ilikuwa 250, sasa ni 310 na imelipa gawio la 15. Jumla 325, yaani faida ya asilimia 30. Fahirisi siku ile ilikuwa 2,000, kwa hiyo imepanda asilimia 20. Ya pili ilikuwa 80, leo inauzwa 46. Inaonekana imeanguka, kumbe katikati kampuni iligawa kila hisa kuwa mbili: aliyekuwa na moja sasa ana mbili zenye thamani ya 92, faida ya asilimia 15, wakati fahirisi imetoka 2,300. Ya tatu imeshuka kutoka 120 hadi 90, hasara ya asilimia 25, na fahirisi ilianzia 2,200.

Rafiki atakwambia, “Mbili kati ya tatu zimelishinda soko,” na ni kweli. Lakini 3,000 zake zimekuwa 1,300, 1,150 na 750, jumla 3,200. Za fahirisi zimekuwa 1,200, 1,043 na 1,091, jumla 3,334. Ameshinda mara mbili na bado yuko nyuma kwa 134. Ndiyo maana kuhesabu ushindi mmojammoja hakutoshi, jumlisha fedha.

Kosa la hesabu ya ushindi linaweza kumwonea rafiki pia. Utafiti wa Hendrik Bessembinder uliochapishwa 2018, uliopitia hisa za Marekani tangu 1926, ulionyesha kuwa zaidi ya nusu ya hisa hazikufikia hata faida ya dhamana za serikali za muda mfupi, na kwamba takriban asilimia 4 tu ya kampuni ndizo zilizobeba faida yote ya ziada ya soko zima. Mtu anaweza kukosea hisa saba kati ya kumi na bado akalipita soko kwa sababu ya moja iliyopaa. Anayekosa hiyo moja atabaki nyuma hata kama chaguo zake nyingine zote zilikuwa za busara.

Gawio ndipo wengi wanapoteleza. Fahirisi nyingi zinazotangazwa hupima bei tu. S&P 500, fahirisi ya kampuni kubwa za Marekani, inayotajwa kwenye habari haina gawio ndani yake, ingawa lipo toleo lenye gawio; DAX ya Ujerumani kwa kawaida hutangazwa gawio likiwa limeshahesabiwa. Ukiweka gawio la rafiki upande mmoja na fahirisi ya bei tupu upande wa pili, umempa ushindi wa bure kila mwaka. Ama pande zote mbili ziwe na gawio, ama zote ziwe bila. Hisa za bonasi, yaani za ziada ambazo kampuni huwapa wenye hisa bila malipo, zirekebishwe kama tulivyofanya kwa ile hisa ya 46. Anayepuuza mgawanyo ule ataandika hasara ya asilimia 42.5 mahali penye faida ya 15.

Hesabu ni ngumu zaidi pale rafiki anapoongeza fedha kila mwezi. Hapa kuna mfano unaojulikana. Klabu ya uwekezaji ya wanawake wa Beardstown, Illinois, ilisifika kwa kutangaza faida ya asilimia 23.4 kwa mwaka kati ya 1984 na 1993. Hesabu zilipokaguliwa 1998 ikaonekana ni asilimia 9.1, wakati S&P 500 pamoja na gawio ilikuwa imetoa 14.9. Michango ya wanachama ilikuwa imehesabiwa kama faida. Kosa hilo ni rahisi kulifanya: ukianza mwaka na 1,000, ukaongeza 200 katikati, ukamaliza na 1,250, faida si asilimia 25. Umepata 50 juu ya mtaji uliokuwa wastani wa 1,100, yaani kama asilimia 4.5. Kwenye Excel, fomula ya XIRR inafanya kazi hii ukiipa tarehe na kiasi cha kila fedha iliyoingia na kutoka. Rudia hesabu hiyohiyo kwa fahirisi, kila mchango ukiwekwa tarehe ileile, ndipo ulinganishe.

Kuna na gharama. Kamisheni ya dalali na ada zikifika asilimia 2 kununua na 2 kuuza, anayebadilisha hisa zake zote mara 4 kwa mwaka ameshakula takriban asilimia 15 ya mtaji kabla soko halijamfanya lolote. Kwa hisa zisizouzwa sana, bei ya kufunga inaweza kuwa ya wiki tatu zilizopita. Tumia bei ambayo mnunuzi yupo tayari kulipa leo. Asiyesema “uza” hajauza, hata akidai baadaye kuwa alitoka mapema. Akisema, funga hesabu ya hisa na ya fahirisi siku moja.

Fahirisi yenyewe iendane na anachochagua. Mtu wa kampuni ndogondogo asipimwe kwa fahirisi ya kampuni 20 kubwa, maana mwaka ambao ndogo zote zinapanda ataonekana bingwa bila kufanya kitu.

Na akishinda kwa mwaka mmoja? Kapu la hisa kumi linaweza kupishana na soko kwa pointi 10 za asilimia, juu au chini, mwaka wowote wa kawaida. Kwa mtikisiko huo, mtu anayelizidi soko kwa pointi 4 kila mwaka kwa wastani anahitaji takriban miaka 25 ya kumbukumbu kabla hatujaweza kuitupa bahati nje ya maelezo. Hakuna atakayesubiri hivyo, tunajua. Lakini miezi minane ya mafanikio isimfanye mtu amkabidhi rafiki akiba yake.

Ombi letu kwa meza yako ya biashara, Mhariri: mnapochapa jedwali la bei za hisa, ongezeni safu ya gawio lililolipwa ndani ya miezi 12, weka alama kwenye hisa zilizogawanywa au kupewa bonasi, na onyesheni kama fahirisi mnayoitaja ina gawio au haina.

Wasomaji wako